Taa za Nyuma na Mbuzi wa Diff

Siku ile uani kwetu, mtaa wa Iftin mjini Garissa, tulikuwepo watu wanane, na nitawataja wote, kwa sababu wote walisikia nilichosema na ni mmoja tu aliyejua kwamba hakikuwa kweli. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba. Alikuwepo dada yangu anayenifuata, wakati huo yuko kidato cha nne. Walikuwepo mapacha wetu, wavulana wa miaka kumi na mitatu, na kitinda mimba, msichana wa miaka minane. Alikuwepo eedo, ndivyo tunavyomwita shangazi, dada ya baba, ambaye biashara yake ya maziwa ya ngamia ndiyo iliyotulisha. Alikuwepo fundi wa umeme wa magari, mtu wa Mwingi aliyekaa Garissa miaka mingi hata akawa anatania kwa Kisomali. Na alikuwepo mzee mmoja mfanyabiashara wa mbuzi kutoka mji mdogo wa Diff, amekalia mtungi wa plastiki uliopinduliwa, mkono wake wa kulia umefungwa plasta tangu kiwiko hadi vidoleni. Mkono ule niliuvunja mimi.

Gari lilikuwa katikati ya ua, jeupe, kuukuu, lenye buti refu la mizigo nyuma. Tulilipata kwa njia ambayo sipendi kuisimulia. Baba na mama walifariki siku moja kwenye barabara ya Wajir, gari walilopanda lilipoingia chini ya lori lililoharibika na kuachwa njiani bila taa hata moja nyuma. Wazee wa pande mbili walikaa, ngamia wa fidia wakatolewa, na baadaye eedo akawauza wawili tukanunua gari hilo ili niwe nachukua maziwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoketi kwenye kikao kile, nyuma ya wanaume. Namkumbuka dereva wa lori alipoulizwa kama alijua taa zake haziwaki. Alitazama mikono yake, akasema, "Sikujua." Sikumwamini. Mwezi uliofuata niliacha shule, nikiwa kidato cha pili.

Tangu hapo nilikuwa na sheria moja ambayo sikumweleza mtu: ndugu zangu wanne hawapandi gari moja wote kwa pamoja. Kwenda kuswali Idi nilifanya safari mbili, na kurudi safari mbili. Mapacha walinicheka, wakasema aboowe, kaka yao mkubwa, anafuja mafuta kama mtu mwenye kisima cha petroli. Niliwaacha wacheke.

Taa za nyuma zilianza kusumbua mwaka wa tatu wa kazi. Kila alasiri nilikwenda upande wa Modogashe, kwenye vituo ambako wafugaji huleta maziwa, nikapakia mitungi kumi na mitano, nikarudi mjini kabla ya isha ili maziwa yapoe usiku na yapande basi la Nairobi alfajiri. Siku nyingine mtu angenifuata nyuma akinipigia honi, akinipita ananionyesha kwa kidole: taa ya kulia imekufa. Siku nyingine zilikufa zote mbili. Nilishuka nikapiga kifuniko cha taa kwa kiganja, zikawaka. Nikifika mjini, nashusha maziwa, naosha gari, asubuhi nalipeleka kwa fundi. Hapo zinawaka zote, kulia na kushoto, kama watoto wenye adabu mbele ya mgeni.

"Kijana, hii gari yako ni mnafiki," fundi aliniambia. "Ikiniona mimi inaswali."

Alibadilisha balbu. Wiki mbili zikapita, zikazima tena. Akabadilisha fyuzi. Akabadilisha swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Akafuata nyaya mpaka pale zinapojikunja kwenye mlango wa nyuma, akazikata, akaziunga upya. Kila mara alinikabidhi gari linalowaka, na kila mara likazima njiani. Eedo alimwambia, "Wewe fundi, balbu ulizotuuzia zingetosha kupamba harusi."

"Mama, mimi siuzi giza," alijibu. "Gari ikizima mbele yangu nitaikamata. Lakini haizimi mbele yangu."

Mara moja aliniuliza swali zuri, na mimi nikalijibu vibaya. Aliuliza kama nikikanyaga breki huona indiketa ikiwaka hafifu, ilhali sijaiwasha. Nikamwambia ndiyo, wakati mwingine. "Wakati gani?" Nikasema sijui, wakati wowote tu. Haikunijia akilini kwamba ni wakati gari lina mzigo, kwa sababu katika miaka yote ile gari halikuwahi kufika kwa fundi likiwa na mzigo. Maziwa hayapelekwi gereji. Maziwa ya ngamia hushika harufu upesi. Yakikaa saa moja karibu na petroli na oili, mnunuzi wa Nairobi atayarudisha. Na eedo ana lake pia: maziwa hufunikwa, hayaachwi mahali ambapo kila mpita njia ataangaza jicho juu yake. Kwa hiyo kwanza tulishusha, tukaosha, ndipo tukaenda kutafuta ugonjwa. Tulikuwa tukimpeleka mgonjwa hospitali baada ya homa kushuka.

Jioni yenyewe ilikuwa hivi. Jua lilikuwa limeshatua, mawingu bado yana wekundu kidogo upande mmoja. Niliondoka kituoni nimepakia mitungi yote, na taa zilikuwa zinawaka, hilo ni kweli. Kisha nikafika pale lami inapokatika kwa matengenezo na magari hupita kwenye njia ya vumbi kando. Mimi nina njia yangu ya kujua hali ya taa bila kushuka. Zikiwaka, vumbi linaloinuka nyuma yangu huwa jekundu kwenye kioo. Nilitazama kioo. Vumbi lilikuwa la kijivu. Nikakanyaga breki. La kijivu vilevile.

Nilijua. Nataka kuliandika hili wazi: nilijua kwa muda wa kama robo saa, na sikusimama. Barabara ile watu hawasimami ovyo wakati wa magharibi. Nimesikia mengi ya waliosimama na hawakuondoka tena, na kila kichaka kilichokuwa mbele yangu nilikiona kama mtu aliyechutama. Nilijiambia nikipita kichaka hiki nitasimama. Nikakipita. Nikasema kile kingine. Nikawasha tochi ya simu, nikaitoa dirishani kwa mkono wa kulia, nimeielekeza nyuma, huku naendesha kwa mkono wa kushoto. Ndiyo taa ya nyuma niliyokuwa nayo.

Kisha nikaona taa mbili kwenye kioo, ndogo, ndani ya vumbi. Zikakua.

Mbele yangu ngamia watatu wakaingia njiani, polepole, kama kawaida yao. Nilifunga breki. Sijui kama nilipiga kelele au niliwaza tu kwamba napiga kelele. Nilifunga macho, na katika giza lile la macho niliona lori ambalo sikuwahi kuliona, lile la baba na mama, isipokuwa safari hii mimi ndimi niliyekuwa nimekaa ndani yake.

Gari la nyuma halikunigonga. Nilisikia tairi zikilia, upepo ukapita ubavuni, kisha mshindo wa bati na mti, na mbuzi wakilia wote kwa pamoja.

Lilikuwa pikapu, na lilikuwa limeingia kwenye mti wa mgunga. Dereva wake, yule mzee wa Diff, alikuwa ameshatoka, amekaa chini, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto kama mtu aliyebeba kitoto. Mbuzi kadhaa walikuwa wamerushwa nje. Wengine walisimama wakaanza kula majani, lakini mmoja, jike mweupe mwenye mimba kubwa, alikuwa amelala mgongo umevunjika.

"Una kisu?" mzee aliniuliza. Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu.

"Sina, adeer." Adeer ni baba mdogo, ndivyo tunavyowaita wazee wa kiume hata wasio wetu.

"Kiko mfukoni mwangu, upande huu. Kitoe. Mimi siwezi. Chinja wewe kabla hajafa bure."

Nilikitoa kisu kwenye mfuko wa mtu niliyekaribia kumuua. Nilimgeuza mbuzi, nikasema bismillahi, nikachinja. Nilikuwa nimeweka goti ubavuni mwake, na baada ya damu kutoka na yeye kutulia, niliendelea kuhisi kitu kikitikisika chini ya goti langu. Kiligonga mara kadhaa, kisha kikaacha. Mzee alikuwa ananitazama.

Nilimpeleka hospitali Garissa, gari linanuka maziwa na damu, na njia nzima nilisoma aya zote nilizozijua. Nilipofika nyumbani dada yangu alikuwa macho na vitabu vyake. Nikamweleza yote: vumbi la kijivu, kichaka baada ya kichaka, tochi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Watakuuliza kama ulijua. Utasema nini?"

Nilikwenda kuosha damu garini.

Siku tatu baadaye tulikwenda kumwona mzee kwa jamaa zake, mimi na eedo. Kwa desturi yetu mtu huja na wanaume wa upande wake wa kumsemea, na mimi nilikuwa na eedo peke yake, amekaa karibu na mlango. Mmoja wa jamaa akauliza, "Kijana huyu anasemewa na nani?" Mzee akasema, "Mwacheni ajisemee. Mimi nina swali moja." Akanigeukia. "Ulijua taa zako haziwaki?"

Aliyejua hulipa kama aliyekusudia. Ningelipa mbuzi na mimba yake, ningelipa mkono, na gari lingeshikwa mpaka nimalize, na bila gari hakuna maziwa, hakuna karo ya dada, hakuna chakula uani. Hayo yote yalinipitia, lakini siyo yaliyonifunga ulimi. Niliogopa tu. Niliogopa macho ya wale wanaume, kwamba wangenitazama kama mimi nilivyomtazama dereva wa lori. Nikatazama mikono yangu.

"Sikujua, adeer. Zilikuwa zinawaka nilipoondoka."

"Basi hiyo ni kadari," alisema. "Sitaki mbuzi, sitaki kitu. Lakini gari hilo halitabeba maziwa tena mpaka ugonjwa wake uonekane, na nitaushuhudia kwa macho yangu kabla sijarudi Diff."

Ndiyo sababu alikuwepo uani siku ile, amekalia mtungi. Fundi alikuwa chini ya buti na testa yake, kile kibalbu kidogo chenye ncha ya sindano. Aligusa hapa, akagusa pale, kila mahali kikawaka. Taa zote zinawaka. Mzee akauliza, "Kwa hiyo gari ni zima?"

"Gari ni zima kabisa, ndiyo maana naiogopa," fundi alisema. Akanitazama. "Siku ile ulikuwa umebeba nini?"

"Maziwa. Mitungi kumi na mitano."

Fundi alilitazama buti tupu. Kisha akajipiga paji la uso, akaacha alama ya grisi. "Miaka yote hii unaniletea gari tupu. Lete mzigo!"

"Hakuna maziwa leo," eedo alisema. "Na yangekuwepo nisingeyaleta mbele ya sigara yako."

"Mama, sihitaji maziwa. Nahitaji uzito. Hawa watoto si wako hapa wamekaa bure? Pandeni kwenye buti, wote wanne."

Mapacha walikuwa wameshaingia kabla hajamaliza. Nilisema, "Hapana." Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyodhani, maana kila mtu aligeuka.

"Aboowe, gari limezimwa," pacha mmoja alisema. "Limesimama uani. Tutagonga nini, kuku?"

Dada yangu alinitazama kidogo, kisha akakunja buibui lake akapanda, akamvuta kitinda mimba kwa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuwaona wote wanne ndani ya gari moja.

"Mimi ni mtungi wa lita ngapi?" kitinda mimba aliuliza.

"Wewe ni kikombe," pacha alimwambia. "Kikombe chenye mdomo mkubwa."

Nyuma ya gari ilishuka. Fundi aliniambia nikae mbele niwashe taa. Niliwasha. Kwenye ukuta wa mabati nyuma yetu niliona wekundu kupitia kioo. "Rukarukeni kidogo!" fundi alisema. Mapacha hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Gari likatikisika, na wekundu ukazima. Kulia, kisha kushoto. Mabati yakabaki ya kijivu.

Nilikaa pale na mikono kwenye usukani. Nilisikia ndugu zangu wakicheka nyuma yangu, wote wanne, gizani mwa kile kioo, na jasho lilinitoka mchana kweupe. Kisha nikashuka nikawashusha mmoja mmoja, nikamshika kitinda mimba bega, sikumwachia.

Fundi alikuwa ameshaanza kuinua zulia la buti. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilitoka kali hata mzee akafunika pua. Chini ya zulia, kwenye kona ya kushoto, palikuwa na waya mweusi uliofungwa kwa boliti kwenye bati la gari. Ndio unaorudisha umeme wa taa zote za nyuma, fundi alieleza. Bila huo, umeme unafika lakini hauna pa kurudia, unatangatanga, ndiyo maana indiketa huwaka bila kuitwa. Bati lilikuwa limeliwa. Kila tone la maziwa lililomwagika kutoka mitungi yetu lilipita kwenye zulia likakaa pale, na maziwa yakichacha hula chuma polepole. Boliti ilikuwa imebaki kushikilia kutu. Gari likiwa tupu, waya uligusa. Likiwa na mzigo, sakafu ilishuka, waya ukaachia.

Alikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akatoboa tundu jipya juu zaidi ambako maziwa hayafiki, akafunga waya kwa boliti mpya, akapaka grisi. Akaniambia nitandike nailoni chini ya mitungi kuanzia siku hiyo. Watoto wakapanda tena, wakaruka mpaka eedo akapiga kelele kuhusu springi. Taa hazikuzima.

Mzee aliinuka. Alikuja akainama, akaitazama ile kona kwa muda mrefu. Kisha akasimama mbele yetu sote.

"Ningewezaje kumlaumu?" alisema. "Hata fundi wa miaka yote hii hakujua. Si ndivyo, kijana? Hukujua."

Wote walinitazama. Fundi alikuwa anafuta mikono. Eedo alikuwa amefumba macho, nadhani anashukuru. Dada yangu alikuwa amesimama kando ya mlango wa nyuma wa gari, na uso wake haukuniomba kitu wala kunikataza kitu.

"Sikujua, adeer," nilisema mara ya pili.

Alinishika bega kwa mkono wa kushoto, ule mzima. "Allah awarehemu wazazi wenu," alisema. "Wamekulea vizuri." Kesho yake akapanda gari la mizigo kurudi Diff.

Miezi minane imepita. Taa zinawaka. Kila jioni kwenye njia ya vumbi natazama kioo, na vumbi ni jekundu, na bado natazama tena. Ndugu zangu bado hawapandi wote pamoja.

Baada ya Idi nilinunua mbuzi jike mweupe. Nilimleta uani nikasema ni wa kufuga, lakini dada yangu alimtazama mara moja akaelewa. Sasa ana mimba kubwa. Kitinda mimba humpa maganda ya tikiti na kumwita mbuzi wa Diff, kwa sababu alisikia dada akimwita hivyo, na hajui maana yake. Mbuzi peke yake ningeweza kumpakia lori lolote la mnadani na angefika. Lakini hapokelewi bila maneno, na maneno hayo hayapakiwi lori. Lazima nikae mbele ya yule mzee na jamaa zake, niseme nilijua kwa robo saa, kisha ninyamaze wanitazame.

Kila Ijumaa dada huniuliza, "Unaenda lini?" Mwanzo nilisema mvua ikiisha, maana njia ya Diff haipitiki kwenye matope. Mvua iliisha. Nikasema mtihani wako ukiisha. Mtihani nao umeisha. Juzi aliniuliza tena, akiwa anamfunga mbuzi kamba mpya, na mimi nilikuwa nimeinamia buti, nakaza ile boliti ambayo haikuwa imelegea.

"Wiki hii," nilisema.

Leo ni Alhamisi. Mbuzi yuko uani.